Homoni baada ya kukoma hedhi: Leicester na kwetu Tanga

Hapa Leicester, Uingereza, mwanamke akilalamika kuhusu joto la ghafla na jasho la usiku linalolowesha shuka, daktari wa familia humpima presha, humuuliza kama mama au dada yake aliwahi kuugua saratani ya matiti, ndipo humweleza tiba ya homoni. Kwetu Tanga mwanamke huyo huambiwa kuwa ni utu uzima, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Sisemi kwetu hakuna busara: shangazi zangu walipofikia umri huo walizidi kuheshimiwa, ilhali huku nawasikia wengine wakizitaja homoni kana kwamba hurudisha ujana, jambo ambalo si kweli.

Zinachotibu vizuri ni joto hilo, jasho na ukavu ukeni, tena hupunguza hatari ya kuvunjika mifupa. Madhara nayo yapo. Utafiti mkubwa wa Marekani, uliositishwa sehemu yake mwaka 2002, ulionyesha kuwa homoni ya kike ya estrojeni ikichanganywa na nyingine iitwayo projestojeni huongeza wagonjwa 8 hivi wa saratani ya matiti kwa mwaka katika kila wanawake 10,000. Hofu ilienea duniani, ingawa washiriki walikuwa na wastani wa miaka 63, wengi wao wakiwa wamekoma hedhi zamani. Leo madaktari huona kuwa, kwa mwenye afya njema anayesumbuliwa na dalili, faida kwa kawaida huzidi hatari akianza kabla ya miaka 60, au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome. Vidonge huongeza uwezekano wa damu kuganda. Plasta yenye homoni, ya kubandika chini ya kiuno, kwa dozi ya kawaida, haionekani kuuongeza. Mwenye mfuko wa uzazi hapewi estrojeni peke yake, kwa kuwa inaweza kumletea saratani ya mfuko huo.

Ndiyo maana nawakatalia ndugu wanaoniagiza plasta hizo. Mwanamke wa hapa huitwa kupigwa picha ya matiti kila miaka 3 kuanzia umri wa miaka 50 hivi. Anayepokea dawa kwenye begi la msafiri hana wa kumfuatilia, na huenda hajui hata presha yake, ambayo zahanati ya mtaani ingempima. Aanzie hapo, kisha amwone daktari wa wanawake. Na akitokwa damu, hata matone, baada ya mwaka mzima bila hedhi, aende hospitali mapema, awe anatumia homoni au hatumii.