Kompyuta za Msaada na Mjapani Asiyesalimia

Kompyuta za msaada zina tabia moja: zinakufikia zikiwa zimeshastaafu. Hizi nilizokabidhiwa hapa Dar nifundishie vijana redio za ridhaa, yaani zile za watu kuwasiliana kwa mapenzi yao bila biashara, RAM ni gigabaiti moja, nyingine herufi A imeng'oka, na zote zina stika ya idara ya uhasibu ya ofisi fulani. Siku ya makabidhiano tulipiga picha, mkubwa wao akasema ni "teknolojia kwa kizazi kijacho". Bwana we, kizazi kilichopita kimeshazimaliza!

Windows mpya haitaki hata kuzisikia. Nikaweka antiX, Linux nyepesi inayokubali hata prosesa za biti 32. Zikawaka, zikakimbia. Vijana wakauliza TikTok iko wapi. Hakuna, kuna hiki kidirisha cheusi cha kuandikia amri. "Aaah, kumbe ni mbovu."

Nikachomeka waya wa redio. Kompyuta ikanijibu: huna ruhusa. Nenosiri langu, waya nimenunua kwa hela yangu, sina ruhusa! Eti mpaka mtumiaji aandikishwe kwenye kikundi kinaitwa dialout. Jamani, mtaani nadaiwa michango ya vikundi, na huku nako vikundi? Na ukishaandikishwa haitoshi: utoke, uingie upya, ndipo uanachama utambulike.

Lakini kilichonizeesha ni saa. Kuna mtindo wa kompyuta kutumiana ujumbe mfupi wa maandishi kupitia redio, unaitwa FT8, umetoka 2017, kazi ya Steve Franke na Joe Taylor, huyu Taylor akiwa na Nobel ya fizikia ya 1993. Wati chache tu na unasikika ng'ambo, hata pale sikio lako linapopata mchakacho mtupu. Sharti lake ni kwamba mnaongea kwa zamu za sekunde 15, na saa za kompyuta zisipishane zaidi ya sekunde moja hivi. Sekunde moja! Sisi ambao kadi ya harusi inasema saa kumi kamili na bibi harusi anaingia saa mbili usiku!

Na katika hizi kompyuta, ile betri ndogo ya duara inayotunza saa ilishakufa. Ukiwasha, inaamka Januari 2005, wanafunzi wangu hawajazaliwa. WSJT-X, programu ya hiyo FT8, inafunguka vizuri, redio inanguruma, kwenye skrini halitokei hata neno. Intaneti ingeirekebisha, bando limeisha. Na umeme ukikatika, ambao hukatika palepale somo linaponoga, darasa zima tunarudi 2005.

Nikaenda Kariakoo kutafuta hizo CR2032.

"Za mizani au za rimoti ya gari?"

"Za kompyuta za msaada."

"Ahaa, mna mfadhili!" Bei ikapanda hapohapo.

Saa zikatulia, likaja daftari la kumbukumbu. Watu wa redio dunia nzima wanaandika UTC, saa moja ya pamoja ya dunia, sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Kwa hiyo mdomoni ni saa nne asubuhi, kompyuta inasema 10:00, daftari linataka 07:00. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, chai inakuja kwa saa ipi?"

Mwishowe, kwenye masafa ya megahezi 14.074, akatokea Mjapani. Darasa likalipuka. "Anasemaje?" Anaita yeyote anayemsikia, na yuko mraba wa PM95 kwenye ramani ya watu wa redio, upande wa Tokyo.

"Halafu?"

Basi.

"Hata salamu hana?"

Nikawaeleza kwamba ujumbe unaoutunga mwenyewe una nafasi 13 tu za herufi, habari za nyumbani na za watoto haziingii. Wakainamisha vichwa wakahesabu kwa vidole, pengo la katikati likiwemo. SHIKAMOO MZEE ni 13 kamili.

Sasa wanataka kuituma. Nimewaambia bila leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hakuna kugusa kitufe cha kurusha. Wakanitazama kama mtu asiyefunzwa kwao.

"Mwalimu, mtu mzima anaita, tumemsikia, halafu tunyamaze?"