Majaji Wanne na Kura Milioni 15

Tarehe 1 Septemba 2017, Jaji Mkuu wa Kenya David Maraga alisoma uamuzi wa Mahakama ya Juu uliofuta ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta katika uchaguzi wa mwaka huo. Majaji wanne waliafiki, wawili wakapinga, mmoja alikuwa mgonjwa. Wakenya zaidi ya milioni 15 walikuwa wamepiga kura, na tume ya uchaguzi ilikuwa imempa Uhuru asilimia 54. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika mahakama kufuta ushindi wa rais aliye madarakani. Siku hiyo hiyo Uhuru akawaita majaji hao "wakora".

Tuliweke tusi hilo kando, maana chini yake lipo swali la haki ambalo sisi tuliofurahia uamuzi ule hulikwepa. Majaji hawa walichaguliwa na nani? Walihojiwa na Tume ya Huduma za Mahakama, wakateuliwa, na wanaruhusiwa kukaa hadi wafikishe miaka 70. Mpigakura hana namna ya kuwabwaga. Iweje sauti zao nne zizidi foleni zote zile za alfajiri?

Waliopinga, Njoki Ndung'u na Jackton Ojwang, hawakuwa na hoja nyepesi. Kura zilihesabiwa vituoni mbele ya mawakala, na kwa maoni yao hakuna aliyethibitisha kwamba kasoro za fomu zilibadili chaguo la wananchi. Mama aliyetembea saa mbili kufika kituoni kule Turkana ana kosa gani hadi kura yake ifutwe kwa uzembe wa karani? Hoja hii inanisumbua mpaka leo.

Hata hivyo naegemea upande wa wale wanne, na kilichonivuta ni karatasi. Fomu 34A hujazwa kituoni: kura za kila mgombea, kura zilizokataliwa, sahihi za mawakala. Nakala hubandikwa pale pale kituoni, kila mtu aisome. Kisha hesabu hupanda kwenye 34B ya eneo bunge, na mwisho kwenye 34C, ambayo ndiyo humtangaza rais. Fomu zilipokaguliwa kwa amri ya mahakama, 34C yenyewe ilikutwa haina alama za usalama wala nambari ya mfululizo. Siku tatu baada ya mshindi kutangazwa, tume ilikuwa bado haijaweza kutoa fomu zote za 34A. Iliamriwa ifungue seva zake, haikutii ipasavyo.

Majaji hawakusema Raila Odinga, mpinzani mkuu wa Uhuru aliyefungua kesi, ameshinda. Walisema hesabu hii haithibitiki, uchaguzi urudiwe ndani ya siku 60. Uamuzi wa nani atawale ulirudi mikononi mwa Wanjiku, yaani mwananchi wa kawaida, na kwangu hapo ndipo uhalali wa majaji wale ulipo.

Gharama yake ilikuwa kubwa, wala tusiifiche. Raila alijitoa, na uchaguzi wa Oktoba 26 haukuvuta hata asilimia 40 ya waliojiandikisha. Siku moja kabla yake, majaji walitakiwa kusikiliza ombi la kuuahirisha. Walihitajika watano, wakafika wawili tu. Jioni iliyotangulia, mlinzi wa Naibu Jaji Mkuu Philomena Mwilu alikuwa amepigwa risasi. Mahakama haina jeshi wala hazina. Maraga alilionja hilo tena Septemba 2020, alipomshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya kuhakikisha jinsia moja haizidi thuluthi mbili ya wabunge. Bunge likaendelea kukaa kama kawaida.

Lakini tazama pia kilichobaki. Mwaka 2013 mahakama hiyo ilitupilia mbali kesi ya Raila, na imani ikashuka kiasi kwamba mwaka 2017 muungano wake wa NASA ulianza kwa kusema hauendi tena mahakamani. Mwaka 2022 tume iliweka picha za fomu 34A mtandaoni, na yeyote mwenye simu akaweza kujumlisha mwenyewe. Raila aliposhindwa tena, alikwenda moja kwa moja kwa majaji. Wote saba walimkatalia, naye akasema haafikiani nao ila anaheshimu uamuzi. Sidhani heshima hiyo ingepatikana bila yale ya 2017.

Nguvu hii ya majaji yaweza kuvuka mpaka. Katika kesi ya BBI, mpango wa kurekebisha katiba uliosukumwa na Rais Uhuru, mahakama za chini zilisema misingi fulani ya katiba haiguswi kwa njia za kawaida za marekebisho, hata wananchi wakipiga kura ya maoni. Hapo niliogopa, maana majaji walikuwa wanajiweka juu ya Wanjiku mwenyewe. Machi 2022 Mahakama ya Juu ilikataa fundisho hilo, lakini ikashikilia kwamba rais hawezi kuvaa ngozi ya mwananchi wa kawaida na kuanzisha marekebisho kupitia mpango wa wananchi. Naona ilipima vizuri.

Wanaotamani majaji wanyamaze kabisa wavuke Namanga. Kifungu cha 41(7) cha Katiba ya Tanzania kinasema rais akishatangazwa kuchaguliwa, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza uchaguzi huo. Julai 2020 Mahakama ya Afrika, iliyoko Arusha kwenyewe, iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Wakala wa kule naye huondoka kituoni na fomu yake ya matokeo mkononi. Ikiwa fomu hiyo ni ya kura za rais, na tarakimu zake hazifanani na zilizotangazwa, hana jaji wa kumpelekea.