Liyongo Alikufa, Superman Akarudi

Baada ya sala ya alasiri huwa tunakaa baraza moja hapa Langoni, mtaa wa Lamu, mimi na wenzangu wachache, pamoja na maalim mmoja mstaafu aliyetusomesha karibu sote. Wiki iliyopita alichukua jarida la katuni nililokuwa nimeliweka kando yangu. Ni lile la Superman la mwishoni mwa 1992, ambalo jalada lake linaonyesha joho jekundu limechanikachanika, limenasa kwenye mti katikati ya vifusi, linapepea kama bendera.

"Huyu amekufa?" akauliza.

"Amekufa, Maalim."

"Wakamzika?"

"Wakamzika."

"Na sasa yuko wapi?"

Nikamwambia yuko hai, na kila mwezi anatoka toleo jipya. Alilifunga jarida polepole, akanirudishia kwa mikono miwili. "Basi mwanangu, hii si hadithi. Hadithi ina mwisho. Liyongo alikufa."

Nimevisoma vitabu hivi tangu darasa la nne, na sikuwa na jibu. Nusu ya neno lake ni kweli, na hiyo nusu ya kweli nimeibeba moyoni miaka mingi bila kumwambia mtu. Nusu ya pili naipinga, nayo inataka maelezo marefu kuliko yale ya barazani.

Kwa aliyekulia mbali na pwani hii, habari ya Fumo Liyongo kwa ufupi ni hivi. Alikuwa mtu wa kimo na nguvu zisizo za kawaida, mpiga upinde na mtunzi wa mashairi, hata mfalme wa Pate akamwogopa, akamfunga. Mama yake akampelekea mkate wa wishwa, chakula kibovu ambacho walinzi wasingekitamani, na ndani yake mna tupa. Usiku watu walipokuwa wakicheza gungu na kuimba nje, yeye alikuwa ndani anakereza pingu, kelele za ngoma zikifunika sauti ya chuma. Akatoka. Silaha za kawaida hazikumdhuru. Kilichoweza kumuua ni sindano ya shaba tu, ichomwe kitovuni. Aliyemchoma ni mwanawe wa kumzaa, aliyekuwa ameahidiwa mke na cheo. Liyongo aliamka na jeraha lake, akachukua upinde, akaenda kisimani, akapiga goti na mshale umewekwa tayari, akafa hivyo hivyo. Watu wakakaa bila maji, hakuna aliyethubutu kumkaribia, kwa kuwa walidhani yu hai. Kaburi lake huonyeshwa Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini.

Hapo hakuna kurudi. Ukiondoa kile kifo, Liyongo anabaki mtu mrefu mwenye upinde. Kifo chake ndicho kinachoufanya ule mkate wa wishwa ukuume ukiukumbuka, maana mama alimwokoa na chuma, na mwana akamuua kwa shaba.

Sasa mtazame Superman. Wachoraji walikiandaa kifo chake kwa ufundi ambao hata leo nauonea fahari. Katika toleo moja kila ukurasa una picha nne, linalofuata, picha tatu, kisha mbili, na katika toleo la mwisho, namba 75 ya jarida lake, kila ukurasa ni picha moja nzima. Ukifungua karatasi unahisi nafasi inavyobanwa na pigo linavyokuwa zito. Jarida lilitiwa ndani ya mfuko mweusi pamoja na kitambaa cheusi cha kuvaa mkononi, kama mfiwa. Watu walinunua mamilioni ya nakala. Mwaka 1993 haukuisha kabla hajarudi.

Wengi husema waandishi wa Marekani hawana ujasiri wa kumaliza. Mimi naona sababu iko kwingine, na ni ya biashara. Mwaka 1938, vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, mwandishi na mchoraji, walimuuza Superman na haki zake zote kwa dola 130. Tangu siku hiyo shujaa akawa mali ya kampuni. Waliomzaa waliishi maisha ya shida huku jina lake likijaza sinema na maduka ya vinyago, na hadi 1975, baada ya kelele nyingi za umma, ndipo walipopewa pensheni ya mwaka na majina yao yakarudishwa kwenye kazi yao. Kampuni yenye mali kama hiyo haiwezi kuizika. Shamba la minazi halifungwi kwa sababu hadithi ya mkwezi imefika mwisho. Liyongo aliweza kufa kwa kuwa hakuwa na mwenyewe: hakuna aliyekuwa akila kwa kumweka hai, na kila mwenye sauti pale Lamu, Pate au Siu aliweza kumwimba bila kuomba ruhusa.

Hapa Maalim ana haki kamili. Kifo kinachofutika humfundisha msomaji asilie. Jean Grey wa X-Men, kundi jingine la mashujaa wa katuni, alipokufa mwaka 1980, kwa kujitoa mwenyewe ili nguvu iliyomjaa isiangamize wengine, ilikuwa mojawapo ya kurasa nzito kabisa za fani hii. Mwaka 1986 akarudishwa, ikaelezwa kwamba aliyekufa hakuwa yeye hasa. Baada ya hapo amekufa tena na kurudi tena. Mimi niliyapata matoleo hayo kinyumenyume, la kurudi kwanza na la kufa baadaye, na nakumbuka nilivyosoma kifo chake macho makavu kwa kuwa nilishajua. Hilo linaniuma mpaka leo. Nilinyang'anywa msiba ambao wasomaji wa 1980 waliupata mzima.

Na zipo zile nyakati ambapo kampuni hufuta ubao wote. Septemba 2011 kampuni ya DC, ile inayommiliki Superman, ilianzisha upya majarida 52 kwa mpigo, yote kuanzia namba 1, na ndoa, urafiki na makovu ya miaka mingi yakatoweka. Ukimwuliza shabiki wa zamani atakuambia uchungu wake haukuwa wa ubishi wa nani ana nguvu kuliko nani. Ulikuwa uchungu wa mtu anayeambiwa kwamba yale aliyoyashuhudia hayakutokea.

Lakini sasa sikiliza upande wangu, Maalim.

Flash, yule mkimbiaji, jina lake halisi likiwa Barry Allen, alikufa mwaka 1985. Alikimbia hadi mwili ukaisha ili aokoe ulimwengu. Kazi yake akairithi Wally West, mtoto wa shemeji yake, kijana aliyekuwa akimfuata tangu utotoni. Kwa zaidi ya miaka 20 Wally ndiye alikuwa Flash. Alianza kwa woga na majivuno, akijua kila mtu anampima na marehemu. Akakosea, akaoa, akapata watoto, na polepole akakua hadi akalijaza lile vazi. Sijui utendi unaoweza kukupa jambo hilo kwa namna hiyo. Utendi hukupa maisha ya mtu katika usiku mmoja wa kusikiliza. Majarida haya yalinipa mtu anayekua kwa mwendo wangu mimi, mwezi baada ya mwezi, tangu ndevu zangu hazijaota mpaka nikawa baba. Na hilo liliwezekana kwa sababu ile ile unayoilaumu: hadithi haikumalizika.

Mwaka 2008 wakamrudisha Barry, na Wally akasukumwa pembeni. Sitaificha hiyo, naiona kuwa dhuluma kwa wasomaji wa rika langu. Lakini ile miaka ishasomwa. Hakuna mhariri anayeweza kuifuta kichwani mwangu.

Tena, utamu wa fani hii mara nyingi hauko mwishoni kabisa. Uko katika ukurasa. Mfano ninaoutoa daima ni Spider-Man namba 33, wa mwaka 1966, kazi ya Steve Ditko. Kijana amelaliwa na mtambo wa chuma mzito kuliko nguvu zake. Mbele yake, hatua chache tu, imelala dawa inayohitajika kumwokoa shangazi yake anayekufa hospitalini. Maji yanadondoka kutoka juu, dari inapasuka. Ditko angeweza kumtoa kwa picha moja. Anachofanya ni kukaa naye. Picha za mwanzo ni ndogo, zimembana kama alivyobanwa. Kijana anajaribu, anashindwa, anakata tamaa, anamkumbuka mjomba wake aliyekufa kwa uzembe wake, anajaribu tena. Kadiri chuma kinavyonyanyuka ndivyo picha zinavyopanuka, hadi unapofunua karatasi na kumkuta ukurasa mzima amesimama, mtambo uko juu ya kichwa, maji yanamwagika kila upande. Nimekwisha kuwasomea watoto watatu wa nyumbani kurasa hizo, na wote watatu, bila kuambiwa, walishusha pumzi pale pale karatasi ilipogeuka. Kwamba kijana huyo yuko hai hadi leo hakupunguzi kitu. Wakati ule chuma kilikuwa kizito.

Na kuhusu mwisho nina neno jingine, la nyumbani. Ami yangu alikuwa mpishi katika nyumba moja ya wageni kule Shela. Wageni wakiondoka huacha vitu: kofia, mafuta ya jua, vitabu. Ami alikuwa akirudi na mashua ya jioni, na ndani ya kikapu chake, chini ya nazi, mlikuwa na katuni mbili tatu. Zilikuwa zimekula chumvi. Kurasa zimegandana, ukizibandua wino wa upande huu unabaki upande wa pili, na shujaa anakuwa na kivuli cha adui yake usoni. Kila moja iliisha kwa neno "itaendelea", na inayofuata haikuja kamwe. Mgeni yule alikuwa keshapanda ndege. Kwa hiyo sisi watoto wa mtaa tulikaa juu ya ngazi za Mkunguni, mbele ya Ngome iliyokuwa jela zamani, tukamalizia wenyewe. Kila mmoja alikuwa na mwisho wake na akautetea kwa kiapo. Ngome yenyewe ilikuwa bado na harufu ya jela katika mazungumzo ya wakubwa, na mara nyingi mashujaa wetu wa Marekani walifungwa humo, na mmoja wetu hakukosa kuwapelekea mkate wenye tupa.

Ndiyo maana naona hizi si fani mbili zinazogombana kama Maalim anavyozitenganisha. Hata Liyongo hana maandishi mamoja. Askofu Steere alichapisha habari zake kwa nathari mwaka 1870. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa, mtu wa hapa hapa Lamu, mwandishi wa hati nzuri na mchonga milango, aliandika utendi wake. Masimulizi hayo hayalingani kwa kila jambo, na bibi zetu walikuwa na yao tena. Mikono mingi imepita juu ya Liyongo kama ilivyopita juu ya Superman. Tofauti ni kwamba mkono uliompitia Liyongo haukuwa na mkataba.

Kuna lawama moja ambayo Maalim hakuisema, naisema mimi. Storm, mwanamke wa X-Men anayeamuru mvua na upepo, alitolewa mwaka 1975 akiwa mtoto wa mama Mkenya, na tunapokutana naye mara ya kwanza yuko Kenya, anaabudiwa kama mungu wa kike. Ana nywele nyeupe na macho ya buluu. Nilipomwona utotoni nilifurahi kuona jina la nchi yangu limeandikwa, kisha nikatafuta katika picha kitu chochote ninachokijua: mti, kanga, mlango, sura. Sikukipata. Nampenda Storm, na kumweka mwanamke mweusi mstari wa mbele wakati ule lilikuwa jambo kubwa. Ila Kenya ile ilichorwa na mtu aliyekuwa akiiwazia kutoka mbali, na sisi hatukuwa na kalamu ya kumsahihisha.

Kalamu hiyo inakuja. Kwa sheria ya Marekani, haki za Superman wa mwaka 1938 zinakwisha tarehe 1 Januari 2034. Si Superman wa leo, ni yule wa awali, ambaye hakuwa akiruka angani kama ndege; alikuwa akichupa tu, robo ya maili haifiki. Kuanzia siku hiyo huyo hatakuwa na mwenyewe. Yeyote atakayetaka ataweza kumleta Pate, amzeeshe, amuue na asimfufue. Nina hamu ya kuona nani atakuwa wa kwanza kumpa kifo chake.

Lakini Liyongo hana haja ya kungoja 2034. Mpwa wangu, ambaye yuko kidato cha pili na ambaye kalamu yake inanishinda mbali, anamchora tangu likizo ilipoanza. Amemaliza mkate, amemaliza ngoma ya gungu: upande wa kushoto wachezaji, upande wa kulia tupa na pingu, picha kwa picha. Jana usiku alikuja na daftari, amekwama kisimani. Akichora macho yamefumba, msomaji atajua kwamba amekufa, na woga wa wale watu utaonekana upuuzi. Akiyachora wazi, hakuna kifo. "Mjomba, nifanyeje?"

Tulikaa na lile daftari mpaka taa ikaanza kufifia. Mwisho nikamwambia amchore kwa nyuma: mgongo, kamba ya upinde imekazwa, na mbele yake kwa mbali wanawake wamesimama na mitungi mitupu.