Uso Mwekundu Usifichwe kwa Vidonge

Juzi nilitumiwa video fupi ya kijana anayeonyesha pakiti ya vidonge vya kiungulia. Meza kimoja kabla ya bia, anasema, uso wako hautakuwa mwekundu na picha zitatoka safi. Chini yake watu wanamshukuru. Nilikasirika, na hasira bado ninayo.

Waliosoma Guangzhou kule China, au wanaokwenda Yiwu, mji wa China, kufuata mzigo, wanaijua hali anayoizungumzia. Mmekaa na mwenye kiwanda, baijiu, pombe kali ya Kichina, inamiminwa, watu wanaitana ganbei, yaani maliza glasi. Kabla ya glasi ya pili kuna mtu uso na shingo vimemwiva, macho mekundu, moyo unamwenda mbio. Wenzake wanacheka na kumjazia nyingine. Nimeyaona hayo enzi za masomo mara nyingi mno, na sikumsikia mtu hata mmoja mezani akitaja saratani.

Kumbe ndilo jambo la kutaja. Mwili huigeuza pombe kuwa asetaldehidi, sumu inayojeruhi DNA, kisha kimeng'enya cha ALDH2, protini inayofanya kazi hiyo mwilini, huivunja haraka ikawa kitu kisichodhuru. Lakini zaidi ya theluthi moja ya watu wa Asia Mashariki, yaani Wachina, Wajapani na Wakorea, wamezaliwa na jeni ya ALDH2 iliyobadilika. Taiwan ni karibu nusu ya watu wote. Kwao sumu ile hujaa kama maji kwenye mtaro ulioziba. Makala moja ya kitabibu ya mwaka 2009 ilikadiria kuwa wenye jeni hiyo ni watu wasiopungua milioni 540 duniani. Mwaka huohuo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lenye makao yake Lyon, liliitaja asetaldehidi itokanayo na unywaji kuwa inasababisha saratani kwa binadamu.

Saratani yenyewe ni ya umio, njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kusimuliwa, kwa sababu inatuua na sisi, ingawa jeni hiyo kwetu haipo na visababishi vyetu ni vingine. Mjomba wangu alianza kwa kukwamwa na nyama. Baadaye ugali ukashindikana, kisha uji, mwishowe hata maji. Mtu aliyemuuguza mgonjwa wa namna hiyo hawezi kuangalia video ile akatabasamu.

Vidonge vile huzuia kazi ya histamini, kemikali inayotanua mishipa ya damu hadi uso ukawaka. Asetaldehidi haviigusi. Kwa hiyo wekundu unapungua, sumu inabaki palepale, na mnywaji, akijiona yuko sawa, anaagiza chupa nyingine. Mwili umemwonya, naye amefundishwa kuunyamazisha. Hilo ndilo linaloniumiza.

Kuna watakaosema jeni ni majaliwa, kwamba aliyezaliwa nayo amezaliwa nayo. Sikubali. Aliyerithi jeni hiyo kwa baba na mama pia, pombe humtesa kiasi kwamba hainywi, na kwa kutokunywa anasalimika. Aliye hatarini zaidi ni aliyeirithi kwa mzazi mmoja tu: anaumia, lakini akilazimishwa anaweza kuzoea. Japani watafiti waliwapima walevi waliokuwa wakitibiwa. Mwaka 1979 wenye nakala moja ya jeni hiyo walikuwa asilimia 2.5 tu, mwaka 1986 wakawa 8, na mwaka 1992 wakafika 13. Miaka kumi na mitatu haitoshi kubadilisha jeni za taifa. Kilichobadilika ni mazoea ya watu: unywaji wa baada ya kazi, bosi anayemimina, kijana mgeni ofisini anayeogopa kukataa. Watu ambao miili yao ilikuwa inawakinga na ulevi walisukumwa hadi kinga ikavunjika.

Nakiri, si kila anayeiva uso atapata saratani. Sigara inachangia sana, kiasi cha pombe kinachangia, na wapo wanaokunywa maisha yao yote wasiugue. Sawa. Lakini hoja hiyo siioni ikimpa mtu ruhusa ya kumjazia mwenzake glasi.

Jeni hii imewasaidia hata wanasayansi. Kwa kuwa mtu haichagui, watafiti wa Oxford na Beijing waliitumia kuchunguza ule usemi kwamba pombe kidogo huukinga mwili na kiharusi. Mwaka 2019 walitangaza, kutokana na vipimo vya Wachina zaidi ya laki moja na nusu, kwamba kinga hiyo haipo. Kadiri unavyokunywa, ndivyo hatari inavyopanda.

Na si lazima kwenda maabara. Daktari Akira Yokoyama na wenzake kule Japani walionyesha kuwa maswali mawili yanatosha kuwatambua wengi wa wenye jeni hii: je, uso wako huwa mwekundu ukinywa glasi moja ya bia? Na je, ulikuwa hivyo katika mwaka mmoja au miwili ya mwanzo ulipoanza kunywa? Swali la pili lipo kwa sababu waliozoea pombe huacha kuiva, huku hatari ikiwa haijaondoka. Anayejibu ndiyo na bado anakunywa sana apunguze au aache, na achunguzwe umio kwa endoskopi, mrija wenye kamera unaopitishwa kooni, maana uvimbe ukionekana mapema Wajapani huutoa kwa kifaa hichohicho bila kumpasua mtu kifua. Maswali hayo yaulizwe katika kila kliniki inayowahudumia watu hawa, ikiwemo ya Dar es Salaam au Nairobi, waliko Wachina na Wakorea wengi wanaofanya kazi kwetu.

Na wewe unayekaa nao mezani, kwenye biashara au kwenye sherehe: mwenzako akifunika glasi yake kwa mkono, usimwondoe mkono.