Mjomba, "ugly" ni nini?

Juzi mpwa wangu, yuko kidato cha pili, kanitumia meseji usiku: mjomba, "ugly" kwa Kiswahili ni nini? Nikamjibu chap, "mbaya". Haijapita dakika: na "bad" je? Nikaandika "mbaya", nikabaki naitazama simu kama mjinga, maana hapo dogo alishanishika na mimi ndo huwa najifanya mkali wa lugha ukoo mzima.

Kitu kikinikera hivyo silali, nikaanza kufukua. Kumbe "ugly" ililetwa Uingereza na Waskandinavia, wale Vikingi walioenda kupora wakaishia kuhamia, na kwao ilitoka kwenye kitenzi ugga, kuogopa. Yaani mwanzoni ni kitu kinachotia hofu basi, pua na meno hayamo. Ukija "hideous", iliyotoka kwa Wafaransa, ndani yake hofu vilevile. Kwa hiyo zamani ukimwita mtu hivyo ulikuwa unatangaza mapigo ya moyo wako mwenyewe, yeye kasimama zake tu. Karne zikapita, hofu ikasahaulika, neno likabaki limemganda usoni kama ndo kosa lake.

"Monster" ndo inanichosha zaidi. Kilatini hiyo, monstrum, ishara ya kuonya, akizaliwa mtoto au ndama ana umbo tofauti Warumi walisema miungu inatuma ujumbe. Kitoto hakijafungua hata macho kishageuzwa barua! Waingereza baadaye wakawa na "mooncalf", ndama wa mwezi, kwa aliyezaliwa hajakaa sawa, lawama wakautupia mwezi, na Shakespeare akampachika Caliban, mhusika wa tamthilia yake. Nakiri neno tamu mdomoni, nimelirudia jikoni nikicheka peke yangu, ila sijui mama wa huyo mtoto alikuwa analisikiaje.

Mtaani nako hakukuwa na huruma. Mwingereza mmoja, Francis Grose, alitoa kamusi ya lugha ya mitaani mwaka 1785, mle ndani mwenye kibiongo anaitwa "lord", mheshimiwa, kejeli ile ile ya kijiweni ya kumwita mfupi "mrefu".

Lakini hakuna aliyezushiwa maneno kama Richard wa Tatu, mfalme wa Uingereza. Aliuawa vitani Bosworth 1485, nchi ikashikwa na maadui zake, na waandishi wakaanza kumchonga wanavyotaka. Thomas More akaandika bega la kushoto lilikuwa juu kuliko la kulia na mkono umenyauka, Shakespeare akatia chumvi mpaka kwenye tamthilia anaitwa chura mwenye kibiongo. Haya, 2012 wakamfukua chini ya maegesho ya magari Leicester. Ile picha ya kaburi nimeikodolea macho sana, shimo fupi, limechimbwa harakaharaka, kichwa kimeinuliwa kuegemea ukingo kwa sababu hakutoshea, na uti wa mgongo umepinda kweli, kama herufi S. Ila mkono ulionyauka haupo, yote mizima, na bega lililokuwa juu ni la kulia! Wataalamu waliopima mifupa wakasema fundi nguo mzuri angeweza kuuficha upinde ule kwa kiasi kikubwa. Fundi nguo jamani, na huku watu wamemzomea miaka mia tano.

Na sisi tusijifanye wasafi. Kipofu, kiziwi, kiwete, kibiongo, wote tumewapa jina lenye "ki-" ya vitu, kama kiti na kikombe, hata kama tukitunga sentensi tunasema "kipofu amekuja". Siku hizi tunasema mtu mwenye ulemavu, wapo wanaoona ni mbwembwe za semina, mimi naona ni sawa kabisa, angalau mtu katangulia ulemavu ukafuata. Kinachonisumbua ni hii "mbaya" yetu, sura mbaya, roho mbaya, neno lile lile, mtoto anajifunza vyote viwili siku moja na hakuna anayemwambia vina tofauti.

Basi nikamrudia dogo saa sita usiku, nikamwandikia futa "mbaya", andika "inayotia hofu". Mwalimu kamwekea kosa. Sasa mama yake ananidai maksi moja, na kwenye grupu la familia naitwa profesa, na si kwa heshima.