Mzazi mwenzangu uliyeko Marekani, tembelea vyuo binafsi kabla hujavikataa

Wazazi wengi wa Afrika Mashariki ninaowafahamu hapa Minnesota hukata shauri mapema, mtoto akiwa bado darasa la 11, yaani amebakiza mwaka mmoja mwingine wa sekondari: vyuo binafsi ni vya matajiri, wetu ataenda chuo cha jimbo, mjadala umekwisha. Nawaelewa. Wengi wanahudumia wazee usiku kucha na kulala saa chache mchana, na mtu akishaona bei inayopita dola 80,000 kwa mwaka hana hamu ya kusoma mstari unaofuata. Lakini nadhani tunawafungia watoto wetu milango ambayo iko wazi. Binti yetu yuko darasa la 11 mwaka huu, wikiendi zetu zinaishia kuzunguka vyuo, na niliyoyaona yamenifanya niandike.

Woga huu tumetoka nao nyumbani. Katika Tanzania niliyokulia, chuo cha heshima ni cha serikali. Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilianza 1961, Sokoine ikawa chuo kikuu 1984, na vyuo vikuu binafsi vikaanza kuchomoza miaka ya 1990: Kairuki 1997, Mtakatifu Augustino kule Mwanza 1998. Mpaka leo utamsikia mtu akisema fulani amekosa Mlimani, kaangukia chuo binafsi. Kwa hiyo tukilisikia neno hilo huku, tunafikiria ada kubwa na elimu ya daraja la pili.

Huku historia imekwenda kinyume. Harvard, ambacho ni chuo binafsi, kilianzishwa 1636, zaidi ya karne moja kabla Marekani haijawa nchi. Hapa Minnesota, Gustavus Adolphus kilianzishwa 1862 na Walutheri kutoka Sweden, Augsburg (kilichoanzia Wisconsin) 1869 na St. Olaf 1874 na Walutheri wa Norway. Hawa walikuwa wahamiaji kama sisi, wakulima na wachungaji waliotaka watoto wao wasome bila kuiacha imani ya nyumbani. Mimi ni Mlutheri wa Iringa. Dayosisi yetu na sharika za Saint Paul wana ushirikiano wa miaka mingi uitwao Bega Kwa Bega, na wapo watoto wa kwetu waliosoma sekondari kwa msaada wake. Siku niliyopanda kilima cha St. Olaf na kukuta wanafunzi wanafanya mazoezi ya kwaya, sauti nne bila kinanda, nilisimama mlangoni mpaka wakamaliza wimbo. Kwaya ya chuo hicho ipo tangu 1912. Mtu aliyekulia kwenye uinjilisti na mashindano ya kwaya hawezi kujiona mgeni mahali kama pale.

Sasa tuzungumze fedha, maana ndipo wengi mnapoishia.

Bei inayotangazwa si bei ambayo familia nyingi hulipa. Tangu 2011 sheria ya serikali kuu inavilazimisha vyuo vinavyopokea fedha za misaada ya wanafunzi kuweka kwenye tovuti zao kikokotoo cha bei halisi. Unaingiza kipato chenu, idadi ya watu nyumbani na akiba mliyonayo, kinakupa makisio ya kiasi ambacho familia yenu ingelipa. Ni bure na hulazimiki kutaja jina. Carleton, Macalester na St. Olaf, vyuo binafsi vya hapa Minnesota, vyote vinaahidi kuziba pengo lote kati ya bei na uwezo wa familia, kwa kadiri chuo chenyewe kilivyoupima uwezo huo. Hiyo sehemu ya mwisho ni muhimu, kwa sababu kinachopima ni chuo, na vyuo viwili vinaweza kuipima familia ileile wakapata majibu mawili.

Chukulia mfano. Bei ni 85,000. Chuo kinatoa ruzuku ya 70,000, ambayo hairudishwi. Mwanafunzi anafanya kazi ya saa chache maktaba au jikoni, anapata 3,000. Anakopa 5,500 serikalini, na hicho ndicho kikomo cha mkopo wa mwaka wa kwanza kwa anayetegemea wazazi. Familia inabakiwa na 6,500. Bado ni fedha nyingi, sibishi. Ila ni fedha ambayo wazazi wawili wanaofanya kazi wanaweza kuiweka mezani na kuijadili.

Kuna watakaosema, chuo cha jimbo si bure siku hizi? Ni kweli kwamba tangu vuli ya 2024 Minnesota ina mpango wa North Star Promise: familia yenye kipato cha chini ya dola 80,000 haidaiwi ada katika vyuo vya umma vya jimbo. Ni mpango mzuri na nimewaambia watu wengi kuuhusu. Lakini unafuta ada, na mtoto bado atakula na kulala. Malazi na chakula ni maelfu ya dola kila mwaka. Kwa hiyo usilinganishe ada na ada. Linganisha jumla na jumla, ukiwa na barua za vyuo vyote mkononi. Ruzuku ya jimbo la Minnesota inatumika pia kwenye vyuo binafsi vilivyomo ndani ya jimbo, jambo ambalo wengi hawalijui.

Na barua hizo zisomwe kwa macho makali. Rafiki yangu mmoja, mama kutoka Kisumu, aliletewa barua ya kijana wake ambayo chini iliandikwa jumla kubwa ya "msaada". Tulipokaa nayo mstari kwa mstari, sehemu nono ya msaada ule ilikuwa mkopo ambao angeuchukua yeye mzazi, kwa jina lake, na riba juu. Chuo hicho sikitaji, lakini nililichukia jambo lile na nalichukia mpaka sasa. Mkopo si msaada. Chukua kalamu, kata kila chenye neno mkopo, kisha jumlisha upya.

Kutembelea kwenyewe ni bure. Unajiandikisha kwenye tovuti ya ofisi ya udahili, unafika, afisa anazungumza kama saa moja hivi, kisha mwanafunzi anawatembeza. Vipo hata vyuo vinavyomlipia nauli na malazi mtoto wa familia ya kipato kidogo aje kulala siku mbili. Mji wa kuanzia ni Northfield, chini ya saa moja kwa gari kutoka Minneapolis, kwa sababu Carleton na St. Olaf vimo humo vyote viwili, na Mto Cannon unapita katikati ya mji. Asubuhi huku, mchana kule. Carleton mwaka umegawanywa mihula mitatu ya wiki kumi kumi na mwanafunzi husoma kozi tatu kwa mpigo. St. Olaf wana mwezi mzima wa Januari wa kozi moja tu. Binti yetu alipenda mwendo wa Carleton, baba yake akaona ni mbio mno. Wamebishana mpaka tunafika nyumbani, na nilifurahi kuwasikia, kwa sababu mtoto alikuwa anatetea hoja zake kuhusu maisha yake.

Macalester kiko mjini Saint Paul kwenyewe. Kofi Annan alihitimu hapo 1961, na bendera ya Umoja wa Mataifa imekuwa ikipepea hapo tangu 1950. Baba wa binti yetu alipiga picha chini ya bendera hiyo akaituma kwenye kundi la ukoo.

Lakini kilichonigusa kuliko vyote lilikuwa swali la binti yetu. Katika chuo kimojawapo, watu wengine walikuwa wameuliza kuhusu maabara na nafasi za kusoma ng'ambo. Yeye alimsogelea yule dada aliyekuwa akitutembeza, mtoto wa wazazi wa Ghana, akamwuliza polepole, "Nywele unasukwa wapi?" Dada akacheka, akamwambia hupanda basi kwenda Minneapolis, na kwamba mabwenini kuna mwenzake anayesuka Jumamosi. Kisha wakaendelea kuzungumza, wakatuacha nyuma sisi wazazi: nani hubaki chuoni Krismasi, mhadhiri anajibu lini ukimwandikia, weusi ni wangapi darasani, chakula kina pilipili au hakina. Hakuna kijitabu cha rangi rangi kitakachokupa majibu hayo.

Nikilinganisha na nilivyopita mimi, naona kila upande una kitu ambacho mwingine hauna. Nilisoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), nikafanya mtihani wa kidato cha sita, nikasubiri matokeo ya NECTA, Baraza la Mitihani, kama taifa zima linavyoyasubiri. Mara ya kwanza kukanyaga chuo kikuu ni siku niliyoshuka na sanduku langu kujiandikisha. Hakuna aliyewahi kunionyesha darasa la chuo, wala sikujua kozi niliyoijaza inafundishwa vipi. Mwenzangu wa bweni aliletewa kozi ambayo hakuiwazia kabisa, akaisoma miaka mitatu kwa sababu ndiyo aliyopangiwa.

Hata hivyo mfumo wetu una uwazi ambao nauheshimu na ambao huku sijauona. Mtoto wa mkulima wa Makete akipata daraja la kwanza kwenye PCB (Fizikia, Kemia na Biolojia), anaingia udaktari Muhimbili kwa alama zake. Hakuna anayemwuliza alicheza violini au alijitolea wapi likizo. Huku kuna insha, barua za walimu, orodha ya shughuli za nje ya darasa, na vyuo vingine hutunza kumbukumbu ya nani alikuja kuwatembelea. Mambo haya yote yanampendelea mtoto ambaye wazazi wake wanayafahamu tangu zamani. Ndiyo maana nasema tuyafahamu na sisi, na tuyafahamu mapema.

Kwenye fedha, huku wamewazidi wenzetu kwa jambo moja kubwa: barua ya msaada huja kabla hujafunga uamuzi, na kwa kawaida una mpaka tarehe 1 Mei kuchagua. Nyumbani kijana anakuwa amekwisha kukubali chuo, pengine kashasafiri, ndipo majina ya mkopo yanatoka awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bodi ya Mikopo imewasomesha wengi tangu 2005, na bila hiyo wengi tusingefika popote. Lakini kumweka mtoto maskini geti la chuo akisubiri kujua kama boom, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, litakuja ni mateso yasiyo na sababu.

Tuna mambo mawili yanayotuhusu sisi wahamiaji pekee kwenye fomu za msaada. La kwanza ni kiwanja. Fomu ya serikali, FAFSA, inauliza mali za uwekezaji, na nyumba au kiwanja mnachomiliki Kibaha au Mbweni kimo ndani ya swali hilo hata kama hakijaota hata tofali. Kiandikwe, kwa thamani ya kweli. La pili ni fedha tunazotuma nyumbani. Vyuo binafsi vingi hudai pia fomu ya CSS Profile, ambayo ni bure kwa familia ya kipato kisichozidi dola 100,000, na humo kuna sehemu ya kueleza hali maalumu. Hapo andika kwamba unamtunza mama mzee na unalipa ada ya watoto wa marehemu kaka, pamoja na risiti za kutuma fedha. Afisa anaweza kuzingatia na anaweza kukataa, lakini hawezi kuzingatia asilolijua. Na mwaka wa kodi unaoangaliwa ni wa nyuma: anayeingia chuo vuli ya 2027, wanatazama kodi ya 2025. Hiyo ndiyo sababu darasa la 11 si mapema hata kidogo.

Kaka yangu ni mwalimu wa sekondari Iringa. Nilipomweleza haya yote kwenye simu aliniuliza, "Dada, sasa hayo matembezi yanamsaidia nini mtoto ambaye bado hajafaulu?" Nikamwambia yanamsaidia kujua anachokitafuta, ili asome akiwa anakijua. TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, huandaa maonesho ya vyuo vikuu Mnazi Mmoja, lakini hayo ni Dar es Salaam, na mwanafunzi wa Iringa hana nauli ya kwenda kuangalia mabango. Ilhali pale pale mjini wana Mkwawa, chuo kikuu kishiriki cha elimu, na Chuo Kikuu cha Iringa. Wanafunzi wa kidato cha tano wakitembea kwa miguu siku moja, wakakaa kwenye mhadhara mmoja, wakaongea na vijana wa mwaka wa kwanza bila mwalimu kusimama pembeni, gharama yake ni chakula cha mchana. Kaka amesema ataliwasilisha kwa mkuu wa shule muhula ukifunguliwa, na chakula hicho nimemwahidi tutakilipia sisi.