Shingo haikazwi na jina

Mvi nimeshazizoea, mikunjo ya macho nayo hainisumbui, ila shingo jamani. Ilinikamata kwenye vidio koli, kompyuta iko chini kwenye meza mi niko juu, nikaona chini ya kidevu kuna kitu kinaning'inia nikadhani ni kivuli. Nikawasha taa ya pili. Kivuli hakikuondoka.

Basi nikaanza kuulizia hii operesheni ya kukaza shingo, na kumbe ukiulizia tu unakutana na njia panda: upande mmoja kuna operesheni zenye majina yake ya biashara, za haraka, za kisasa, eti chakula cha mchana unakula kwako, na upande mwingine kuna ile ya siku zote ambayo haina jina la kuvutia wala tangazo. Nikaenda kuonana na watu wa pande zote mbili, na haya ni maoni yangu tu, mi sio daktari.

Kwenye ile kliniki ya jina nilipokelewa vizuri mno. Anayekuhudumia sio daktari, ni mshauri wa wateja, ana tabasamu na ana albamu ya picha za kabla na baada. Saa moja tu, ganzi ya sindano, Ijumaa unafanya Jumatatu uko kazini. Nikamuuliza sasa mnakata wapi na mnakaza nini? Akanitajia jina la operesheni. Nikauliza tena, maana labda sikueleweka, akanitajia jina lilelile ila safari hii polepole. Daktari mwenyewe, naambiwa, nitamwona siku ya siku.

Huyu wa pili, bingwa wa upasuaji wa kawaida, hakuwa na albamu mezani. Aliniambia niume meno halafu nivute midomo kwenda chini, akaangalia kamba zinazojitokeza shingoni, akanibana ngozi kwa vidole, akauliza kama navuta sigara, kama natumia aspirini, presha ikoje, na kama kuna mtu kwetu ambaye kidonda kikipona kinaacha kovu linalovimba. Halafu akachukua kalamu akachora, na ule mchoro ndo ulinifungua macho.

Yaani shingo ni tabaka. Juu ngozi, chini yake mafuta, halafu kuna msuli mpana mwembamba kama kitambaa unaitwa platisma, unaanzia kifuani juu karibu na mtulinga unapanda hadi taya. Chini ya huo msuli kuna mafuta mengine tena, na tezi za mate. Umri ukienda kingo mbili za platisma pale katikati zinalegea na kuachana, ndo zile kamba mbili za wima. Sasa kama shida yako ni mafuta ya juu tu na ngozi bado inarudi ukiivuta, kunyonya mafuta kunatosha na usimruhusu mtu akuuzie zaidi. Kama ni kamba, tundu linakatwa chini ya kidevu na kingo zinashonwa pamoja katikati, kama unavyofunga kamba za kiatu, daktari Feldman aliuelezea mtindo huo 1990. Kama ngozi imezidi lazima ikatwe, nyuma ya masikio huko, hakuna namna, ngozi iliyozidi sana haiyeyuki kwa jina.

Na kuna kitu kimoja cha zamani ambacho watu wa matangazo hawakisemi. Zamani kukaza uso na shingo ilikuwa kuvuta ngozi basi, na ngozi ni kitu kinachotanuka, baada ya muda inarudi kulekule. Mwaka 1976 madaktari Mitz na Peyronie wa Ufaransa wakaandika kuhusu lile tabaka la chini ya ngozi ya uso ambalo linaungana na platisma, madaktari wakawa na kitu cha kushika badala ya ngozi. Sasa ukisikia lifti fupi, yaani kukaza kwa haraka kwa saa moja, swali ni hilohilo, mnashika nini? Nyingine zinashika tabaka kwa nyuzi chache, nyingine ni ngozi tu imevutwa ikapewa jina zuri.

Maana jina lenyewe linathibitisha nini? Ofisi inayosajili alama ya biashara inaangalia kama jina lako halifanani na la mwingine. Haiangalii kama shingo ya mtu ilikaa juu baada ya miaka mitano. Hapo nisiwe mkali kupita kiasi, MACS-lift, aina ya lifti fupi inayovuta tabaka kwa nyuzi, nayo ina jina lakini madaktari Tonnard na Verpaele wa Ubelgiji waliandika wazi hatua zake, daktari yeyote anaweza kusoma, kuifanya, hata kuipinga. Jina la namna hiyo sina shida nalo.

Ninaloliogopa ni lile jina la matangazo tu. Marekani kulikuwa na Lifestyle Lift, kampuni ya kukaza uso na shingo, matangazo ya tv kila kona, saa moja hivi na ganzi tu. Mwaka 2009 kampuni ilikubali kulipa dola 300,000 kwa jimbo la New York kwa sababu wafanyakazi wake walikuwa wanaandika sifa mitandaoni wakijifanya ni wateja walioridhika. Machi 2015 ikafunga karibu vituo vyote kwa ghafla. Fikiria wewe una mshono sikioni unataka kuuliza mbona upande mmoja umevimba, unayemuuliza ni nani?

Mashine za kukaza ngozi na sindano ni habari nyingine kidogo. Sindano ya Kybella iliruhusiwa Marekani 2015 kuyeyusha mafuta chini ya kidevu, ni hilo tu inafanya, haikazi msuli. Botox, sindano ya kulegeza msuli, nayo 2024 ikapewa kibali kwa zile kamba za platisma, nayo inaisha baada ya miezi. Kwa tatizo dogo sawa kabisa, ila mwenye shingo iliyolegea kweli akiuziwa mizunguko sita ya mashine mi naona huo ni wizi wa kistaarabu.

Na ile ya kawaida nayo msidhani ni asali. Damu inaweza kuvilia chini ya ngozi hasa saa 24 za mwanzo ukarudishwa kushonwa upya, sikio linaweza kufa ganzi kwa miezi, mdomo wa chini unaweza kwenda upande kwa muda, wiki mbili hivi unajificha na michubuko. Mvuta sigara anaweza kupoteza kipande cha ngozi kabisa. Sisi wenye ngozi nyeusi tuna hili la makovu kuvimba karibu na sikio, na ile kliniki ya jina haikuniuliza hata kidogo, wakati mkato wa operesheni fupi kama hizo nao kwa kawaida unapita hapohapo mbele ya sikio. Hata hiyo ganzi wanayojivunia si mali yao, bingwa wangu alisema kwa wengine naye anafanya kwa ganzi na dawa ya kusinzia kidogo.

Mimi nimeambiwa mafuta yangu mengi yako chini ya msuli, kwa hiyo kunyonya juujuu kungeniachia ngozi iliyolegea na kamba zikaonekana zaidi. Nimepanga na huyu wa mchoro, sharti sigara ziishe kwanza, na hapo ndo penye kazi kweli. Ile kliniki nyingine bado wananitumia meseji kwamba ofa inaisha Jumapili. Hii ni Jumapili ya nne inaisha.